Kilichotoka na Kilichoingia: Kumwaga Oili ya Gari la Dizeli Mwenyewe

    

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi inayofanywa kila siku katika gereji zetu za Meru na Embu huku mwenye gari ameketi pembeni na simu yake mkononi. Ni kazi ya kumwaga oili ya injini na kutia mpya. Nazungumza hasa na wewe mwenye gari la dizeli: pikapu ya Hilux, Isuzu D-Max, Canter ya mchanga, Hiace ya abiria, Land Rover kuukuu ya kupandia milima. Je, umewahi kulala chini ya gari lako mwenyewe, ukaona oili yako ikitoka kwa macho yako?

Kama hujawahi, nakuomba ujaribu. Kazi yenyewe haihitaji shule ndefu. Inahitaji spana inayokaa sawasawa, karai, faneli, matambara, na asubuhi isiyo na haraka. Na sisemi uifanye ili kumnyima fundi riziki yake. Fedha utakayookoa ni kidogo, kwa sababu gharama kubwa ni oili na filta, na vitu hivyo utavinunua vilevile. Nasema uifanye kwa sababu moja: ili ujue kilichotoka katika injini yako, na ujue kilichoingia. Lishike hilo, msikilizaji. Kilichotoka, na kilichoingia. Nitalirudia.

Kwanza tuelewane, kwa nini nasema dizeli? Injini ya petroli huwasha mafuta yake kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Hiyo huibana hewa kwa nguvu mpaka hewa yenyewe ikapata joto la kuwasha mafuta pindi yanaponyunyiziwa ndani. Zile Hilux za injini ya 3L, ambazo zimebeba mazao ya huku kwetu kwa miaka mingi, hubana hewa kiasi cha mara 22. Petroli ya kawaida hubana mara 10 hivi. Mbano huo ndio unaokupa nguvu ya kupanda kutoka daraja la Nithi ukiwa na magunia nyuma. Lakini kuungua kwa dizeli kuna masizi. Mengine hutoka kwa bomba la moshi na tunayaona. Mengine hupenya pembeni mwa pistoni, yakateremka na kuingia katika oili, na hayo hatuyaoni.

Oili ya dizeli imetengenezwa kwa ajili ya masizi hayo. Kazi yake mojawapo ni kuyashika na kuyatawanya, yasigande mahali pamoja, mpaka siku ya kumwagwa. Ndiyo maana oili uliyotia Jumamosi ikiwa na rangi ya asali, Jumatatu ni nyeusi tititi. Sasa sikiliza vizuri hapa, maana nimesikia wengi wakimgombeza fundi bure: weusi huo si ugonjwa. Oili ya dizeli ikiwa nyeusi haina maana kwamba fundi alikudanganya, wala haina maana kwamba imekwisha. Ina maana kwamba inafanya kazi yake. Nasema tena, katika dizeli usihukumu oili kwa weusi. Hukumu kwa umbali uliokwenda na muda uliopita.

Na umbali huo ni upi? Desturi yetu hapa ni kilomita 5,000. Wengine watakuonyesha kitabu cha gari kilichoandika zaidi ya hapo. Ni kweli, kimeandika. Lakini endelea kusoma kitabu hichohicho, utakuta sehemu ya kazi ngumu: vumbi, mizigo mizito, milima, safari fupi, injini kuunguruma gari likiwa limesimama. Hebu niambie, nani kati yetu hana hata moja katika hayo? Lori la majani chai husimama kituo baada ya kituo, injini ikiwaka. Kilomita hazisongi sana, lakini injini imefanya kazi kutwa. Pikapu ya miraa hutoka Maua ikikimbizana na saa ili mzigo uwahi ndege Nairobi. Gari la Mbeere huzunguka Kiritiri na Ishiara likivuta vumbi kutoka asubuhi. Hayo yote ni kazi ngumu. Kwa magari ya namna hiyo, 5,000 ndiyo mwisho, na ukimwaga mapema zaidi hujapoteza kitu. Na wewe ambaye gari lako hutoka Jumapili tu kwenda kanisani na kurudi, usiseme bado kilomita hazijafika. Injini isiyopata moto sawasawa hukusanya maji ndani ya oili. Mwaga angalau mara moja kwa mwaka.

Nitaongeza neno moja kuhusu mafuta tunayonunua kituoni, kwa sababu oili na dizeli ni ndugu. Zamani dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi. Salfa ikiungua, ikakutana na mvuke ndani ya injini, huzaa asidi, na asidi hula beringi. Oili hutiwa dawa ya kuzima asidi hiyo, lakini dawa yenyewe huisha. Tangu Januari 2015, Kenya na wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walishusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa kila milioni. Kabla ya hapo kwetu kiwango kilikuwa 500. Hiyo imekuwa nafuu kubwa kwa injini zetu na kwa vifua vyetu pia. Kilichobaki ni wale wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuondoa faida ya mchanganyiko huo. Ni ushuru uliowaumiza akina mama wanaopikia jiko la mafuta ya taa, na hilo lina mjadala wake. Ila kwa gari lako, jua hivi: mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli. Ukipata kituo unachokiamini, shikamana nacho.

Sasa tuje kwenye kununua. Hapa ndipo watu hupotea, na hapa ndipo lile neno letu la kilichoingia linapoanza. Linaanzia dukani, kabla hujagusa spana.

Chukua mtungi wa oili mkononi, ugeuze, usome nyuma. Utaona alama ya API ikifuatwa na herufi. Herufi zinazoanza na C ni za dizeli, kwa mfano CF-4, CH-4, CI-4. Zinazoanza na S ni za petroli. Mitungi mingi ina zote mbili, na hilo halina neno, mradi ya dizeli iwepo. Mwenye duka akikwambia oili zote ni sawa, mshukuru na uende duka jingine. Kwa Hilux, Canter na Hiace kuukuu za hapa kwetu, oili ya 15W-40 yenye CF-4 au CI-4 inatosha kabisa, na inavumilia baridi ya alfajiri ya Timau na joto la mchana la Isiolo siku moja. Kwa gari jipya kidogo, hasa lenye kichujio cha masizi katika bomba la moshi, mambo ni mengine. Hilo linataka oili isiyoacha majivu mengi, vinginevyo kichujio huziba, na kukibadilisha ni gharama ya kuumiza. Magari yanayokuja kutoka Japani, ambayo sheria yetu haiyaruhusu kuzidi miaka minane, mengi ya dizeli yana kichujio hicho. Fuata kitabu chake, usifuate jirani.

Halafu kuna oili ghushi. Tunayo Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, ipo kwa sheria ya 2008, lakini mamlaka haiwezi kusimama katika kila duka la Gakoromone au Embu mjini. Wewe unaweza. Angalia kifuniko, je, pete yake imekatika? Angalia lebo, je, imebandikwa juu ya lebo nyingine? Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote, jiulize nani analipa tofauti hiyo. Karani wa chama cha maziwa hapokei maziwa kwa sura ya mkulima. Hutia kipimo kwanza, hata kama mkulima huyo ni mjomba wake. Fanya vivyo hivyo. Na ukimaliza oili yako, toboa ule mtungi mtupu kwa kisu kabla ya kuutupa. Mitungi mitupu yenye lebo nzuri huokotwa, ikajazwa takataka, ikauzwa tena. Ukiutoboa, umemlinda mtu usiyemjua.

Filta nayo usiionee uchungu. Nimeona watu wakitia oili ya bei ya juu kisha wakaacha filta ya zamani. Filta hiyo imebeba uchafu wote wa miezi iliyopita, na ndani yake imebaki oili chafu itakayochanganyika na mpya dakika ile ile. Oili mpya, filta mpya. Kila mara. Baadhi ya malori yana filta mbili, basi nunua mbili.

Haya, tuingie kazini. Nitakwenda taratibu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi kama huna kalamu.

Washa injini iungurume dakika chache, au fanya kazi hii baada ya kurudi kutoka dukani. Oili vuguvugu hutoka haraka na hubeba uchafu. Vuguvugu, sikusema moto. Ukitoka safarini Nairobi usikimbilie chini ya gari, oili hiyo itakuchoma mpaka kiwiko. Zima, subiri.

Tafuta mahali tambarare. Najua, Meru na Embu ni nchi ya miteremko, na ua wa wengi wetu umeinama. Tafuta hata uwanja wa shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Gari likiinama, oili hubaki pembeni mwa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kijiti cha kupimia hukudanganya. Na zaidi ya hapo, gari linaweza kutembea. Vuta breki ya mkono, tia gia, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu.

Sasa sikiliza jambo hili kuliko yote nitakayosema leo. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Usiingie hata kwa dakika moja, hata kuokota spana iliyoanguka. Jeki imetengenezwa kuinua. Haikutengenezwa kushikilia mtu akiwa chini. Kama gari lako ni pikapu iliyo juu, huhitaji jeki kabisa, unaingia tu. Kama liko chini, weka stendi za chuma, au tumia shimo la gereji kwa kumlipa mwenyewe kidogo. Usitumie matofali, hupasuka. Jiwe la mtoni nalo huteleza. Nasema tena: jeki peke yake, hapana.

Vaa glavu. Oili iliyotumika ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi, na mafundi wetu wanaoosha mikono kwa petroli kila jioni wanajidhuru mara mbili. Glavu, na baadaye sabuni na maji.

Fungua kifuniko cha juu cha kutilia oili ili hewa iingie. Ingia chini na karai lako. Nati ya sampu iko mahali pa chini kabisa. Tumia spana ya soketi au ya duara, usitumie ile ya mdomo wazi, maana itakula pembe za nati na hapo utatafuta fundi kwa aibu isiyo ya lazima. Ukiwa umelala chali unaweza kuchanganyikiwa upande wa kufungua. Tazama nati uso kwa uso: kufungua ni kinyume cha mshale wa saa. Ikishalegea, imalizie kwa vidole huku ukiisukuma ndani, kisha iondoe kwa ghafla. Oili itaruka mbele kuliko unavyodhani, kwa hiyo karai liwe mbele kidogo. Iache itoke mpaka ibaki matone. Usiwe na haraka, kunywa chai.

Pale kwenye nati pana pete ya shaba au ya alumini. Badilisha pete hiyo. Ni kitu cha shilingi chache na ndicho kinachozuia mvujo. Ukirudisha nati, anza kwa vidole mpaka iingie njia yake bila kulazimishwa, kisha kaza kwa spana ya mkono, kwa nguvu ya kiasi. Sampu nyingi ni laini kuliko nati. Anayekaza kama anayekaza gurudumu la lori hung'oa njia ya nati, na hapo kazi ya asubuhi moja inakuwa ya wiki.

Filta nayo hufunguka kwa mkono au kwa kamba ya filta. Ikitoka, angalia chini yake: je, ule mpira wake umetoka nayo? Wakati mwingine mpira wa zamani hubaki umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira miwili itapishana, na oili yote itamwagika barabarani kabla hujafika Makutano. Futa pale mahali kwa kitambaa safi, uone kwa macho. Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, na kama filta inakaa wima, ijaze oili nusu kwanza ili injini isikae kavu. Funga kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu za mzunguko. Kwa mkono tu. Chombo ni cha kufungulia.

Sasa unatia. Injini nyingi za pikapu zetu hula lita sita hivi, lakini zinatofautiana, kwa hiyo tia pungufu kwanza, subiri iteremke, chomoa kijiti, futa, rudisha, chomoa tena, soma. Lengo ni kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Usipite ya juu. Wengine hufikiri oili ikizidi ni baraka, lakini katika dizeli ni hatari ya kweli. Oili iliyozidi inaweza kuvutwa kupitia bomba la kupumulia la injini, ikaingia mahali pa hewa, na injini ikaanza kuichoma kama mafuta. Hapo utazima ufunguo na injini haitazima. Itazidi kukimbia mpaka iharibike.

Washa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Usikanyage mafuta, hasa kama gari lina tabo, kwa sababu tabo huzunguka kwa kasi kubwa mno na hutegemea oili ile ile ambayo bado inapanda. Iache iungurume, chungulia chini, angalia nati na filta. Pakavu? Zima, subiri dakika tano, pima tena, jaliza. Umemaliza.

Umemaliza ya mikono, lakini hujamaliza kazi, msikilizaji. Nilisema kilichotoka na kilichoingia. Kilichoingia unakijua. Sasa rudi kwenye karai lako, utazame kilichotoka. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa ya kufanya kazi hii mwenyewe, na ndiyo unayoikosa unapokaa pembeni.

Ingiza kidole chenye glavu, usugue kwa kidole gumba, uinue kwenye jua. Vumbi laini la kumetameta kidogo sana si ajabu kwa injini iliyozeeka. Lakini ukiona chembe unazoweza kuzihesabu, au vipande vya rangi ya shaba, hizo ni beringi zinazokuambia zinakwisha. Usisubiri sevisi ijayo. Pitisha sumaku chini ya karai uone kama ni chuma.

Angalia rangi. Nyeusi, sawa. Lakini ikiwa kama kahawa iliyotiwa maziwa, maji yameingia ndani. Inawezekana gasketi ya kichwa imeungua baada ya injini kuchemka mlimani. Usiwashe gari hilo kwenda mbali.

Inuse. Oili inayonuka dizeli, nyepesi, na ambayo kabla ya kumwaga kijiti kilionyesha imepanda badala ya kushuka, hiyo ina dizeli ndani. Watu hufurahi: gari langu halili oili, linaongeza! Hapana. Oili iliyopunguzwa na dizeli hailindi kitu. Pengine ni pampu au nozeli inayovuja. Katika magari mapya yenye kichujio cha masizi, inaweza kutokana na namna yanavyojisafisha: hunyunyiza dizeli ya ziada ili kuchoma masizi, na dereva wa safari fupi fupi za mjini akizima kabla shughuli haijaisha, dizeli huteremka katika oili. Mazda zenye injini ya dizeli, kama CX-5 nyingi tunazoziona siku hizi, zina alama ya X kwenye kijiti juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo, mwaga bila kungoja kilomita. Gari la namna hiyo litembeze barabara ndefu mara kwa mara, likimbie kidogo, lijisafishe.

Na wenye Hilux, Prado na Hiace za injini ya 1KD, ile ya lita tatu ya D-4D, nina neno lenu. Chini ya kila nozeli pana pete ya shaba. Pete hizo zikichoka, moshi wa kuungua hupenya na kuingia katika oili, ukaigeuza kuwa kama lami. Lami hiyo hushuka mpaka kwenye chujio la ndani ya sampu ambalo pampu hufyonzea. Likiziba, injini hukosa oili huku kijiti kikionyesha imejaa. Injini nyingi nzuri zimekufa hivyo. Kwa hiyo ukimwaga na kuona vipande vyeusi vigumu, kama makaa madogo, mpigie fundi wako siku hiyohiyo, mwambie afungue nozeli na aangalie chujio. Hii ndiyo kazi ya fundi, na hapo mlipe bila kusitasita.

Oili hiyo iliyotoka utaipeleka wapi? Hapa naomba tuzungumze kwa moyo mmoja.

Mto Kathita unapita Meru mjini. Mto Rupingazi unapita Embu. Yote miwili humalizikia Tana, na kabla ya kufika huko watu hunywesha mifugo, humwagilia mboga, huchota ya kunywa. Oili iliyomwagwa mtaroni pale mjini haipotei. Mvua ya Aprili huichukua. Ina metali, ina masizi, ina kemikali nilizotaja, na haiozi haraka. Lita moja tu huharibu maji mengi mno. Mamlaka ya mazingira, NEMA, inaihesabu kuwa taka hatari, na kanuni za taka zinataka ibebwe na aliyepewa kibali. Lakini hata bila kanuni, mtu anayeishi juu ya mto anajua kwamba wako watu chini yake.

Najua tunaitumia. Tunapaka nguzo za ua ili mchwa wasile, tunalainishia mnyororo wa msumeno, wajenzi hupaka mbao za kumwagia zege. Nguzo iliyopakwa ikakauka vizuri kabla ya kuchimbiwa ni afadhali kuliko mtaro, lakini isiwe karibu na kisima wala bustani ya mboga. Kumpaka mbwa mwenye ukurutu, usifanye hivyo. Atailamba, na ngozi yake itainywa. Muone daktari wa mifugo. Usiichome pia, moshi wake ni sumu.

Njia bora ni hii: imimine katika mtungi uliofungwa vizuri, usichanganye na maji wala petroli, uandike juu yake kilichomo, uipeleke gereji yenye pipa la oili chafu. Gereji kubwa huwa na wanunuzi wanaoikusanya, kwa sababu husafishwa na kutumika tena au kuchomwa katika tanuru zenye kibali. Filta itoboe, igeuze juu ya karai usiku kucha, kwani hubeba oili nyingi kuliko inavyoonekana, kisha ipeleke pamoja. Na kama gereji unayoitegemea haina pipa, muulize mwenyewe kwa nini. Muulize diwani wako pia. Serikali za kaunti za Meru na Embu zinatoza kodi za masoko na maegesho kila siku. Pipa moja lenye kifuniko katika kila eneo la gereji za jua kali si jambo kubwa kuliko uwezo wao, na mimi naamini wananchi wakiliomba kwa sauti moja, litafanyika.

Mwisho, chukua daftari dogo likae ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, aina ya oili na herufi zake, filta uliyotia, na uliloona katika karai. Siku utakapouza gari hilo, mnunuzi wa Chuka au Nanyuki atalisoma kabla ya kukuuliza bei.

Mkiwa na maswali, tuandikieni, tutayajibu wiki ijayo, na tutamwita fundi atueleze juu ya maji yanayokaa katika filta ya dizeli, jambo ambalo leo sikulifikia.